Karatasi ya rangi, miwani ya waridi au miwani ya jua: macho yasiyopenda mwanga yachague nini?

Tanga mwanga hauna likizo. Mji uko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, jua la saa sita linasimama utosini karibu mwaka mzima, na kila upande kuna kitu cha kulirudisha usoni: maji ya Raskazone, mabati mapya ya Makorora, vumbi la chokaa upande wa Pongwe, kanzu nyeupe siku ya Ijumaa. Wengi wetu tunakunja uso kidogo, maisha yanaendelea. Lakini wapo ambao mwanga huo unawaumiza kweli. Wapo pia ambao juani hawana neno, ila wakifungua kitabu mistari inaanza kuogelea, macho yanachonyota, kichwa kinagonga. Ukiwauliza wote hawa wamechukua hatua gani, utasikia jibu moja: nimenunua miwani myeusi.

Nina kipandauso tangu ujana wangu, na mwanga ndio adui yangu wa kwanza. Naandika ulinganisho huu kwa sababu vitu vinavyouzwa kwa jina la rangi za kupumzisha macho ni vingi, vingine ghali, na kila kimoja kina shida yake kinachoiweza. Karatasi ya rangi haitamfaa mvuvi. Miwani ya mvuvi haitamfaa mwanafunzi. Na miwani myeusi ndani ya nyumba, ambayo ndiyo wengi wanaikimbilia, inamzidishia shida karibu kila anayeivaa.

Kabla ya rangi yoyote

Rangi inachuja mwanga, haitibu jicho. Kidonda kwenye kioo cha jicho, uvimbe wa ndani ya jicho, mzio wa watoto wenye macho mekundu yanayowasha, macho makavu, mtoto wa jicho anayeanza: yote haya huanza kwa mtu kusema "mwanga unaniumiza". Jicho likiwa jekundu, lina maumivu na linaona ukungu, hapo si pa kulinganisha miwani, ni pa kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Homa na shingo ngumu pamoja na kuogopa mwanga inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Mtoto mchanga mwenye macho makubwa kuliko kawaida, yanayotoa machozi na kukimbia mwanga, apelekwe haraka, maana hiyo ni sura ya glakoma (presha ya macho) ya watoto, na akicheleweshwa anaweza kupofuka. Mtu aliyepigwa kichwani au kuanguka na bodaboda, kisha mwanga ukaanza kumsumbua, naye aonwe na daktari kwanza.

Hata bila hatari hizo, pima macho. Mtu aliyevuka miaka 40 anayelalamika kwamba maandishi yanacheza mara nyingi anahitaji miwani ya kusomea tu. Mtoto anayekimbia kitabu huenda haoni vizuri karibu, au macho yake mawili hayashirikiani kulenga pamoja, na hilo halirekebishwi na rangi. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Likiwa kubwa, kuna hospitali za KCMC kule Moshi na CCBRT Dar es Salaam. Nasisitiza hili kwa moyo wote kwa sababu nimeona watu wakibadilisha miwani ya rangi moja baada ya nyingine huku jicho likiendelea kuharibika nyuma yake.

Ukurasa unaocheza: kadi, plastiki ya rangi, au lenzi ya kupimwa

Habari ya rangi na kusoma si ya jana. Mwaka 1980 mwalimu wa New Zealand, Olive Meares, aliandika juu ya watoto waliosumbuliwa na weupe wa karatasi na mpangilio wa maandishi. Mwaka 1983 Helen Irlen, mwanasaikolojia wa California, akaja na maelezo yake na baadaye lenzi zenye jina lake. Uingereza, mtafiti wa uonaji Arnold Wilkins aliichukua njia ya maabara zaidi. Hoja yake inaeleweka kirahisi: ukurasa wa maandishi, ukiutazama kwa jumla, ni milia myeusi na myeupe inayofuatana, na milia ya upana fulani huusumbua ubongo wa kuona. Kwa watu wachache inaamsha hata shambulio la kifafa. Kwa wengine, hasa wenye kipandauso, inaleta kichefuchefu, vivuli vya rangi, na maneno yanayoonekana kutembea. Fumba jicho moja, tazama kwa dakika moja wavu wa mbu wa dirishani dhidi ya ukuta mweupe, utaonja kidogo wanachokisema.

Sasa, kama tatizo ni milia, dawa ya kwanza ni kuiondoa milia. Chukua kadi ngumu, hata ya boksi la sabuni, ukate dirisha refu linaloonyesha mistari miwili au mitatu tu. Juu na chini vimefunikwa, milia imekufa. Kadi nyeusi au ya kijivu ni bora kuliko nyeupe. Haina gharama, na ndiyo mpinzani halisi wa plastiki ya rangi, ingawa wauzaji wa plastiki hawaitaji.

Plastiki ya rangi yenyewe ni karatasi angavu unayoilaza juu ya ukurasa. Zipo zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zenye rangi nyingi na zisizong'aa. Kwa majaribio, nenda steshenari yoyote ya Ngamiani wanapofunga ripoti kwa spairo, uulize kava za plastiki za rangi. Utapata bluu, njano, kijani, waridi, kwa bei isiyoumiza mfuko. Kasoro yake ni kwamba nyingi zinang'aa, na mng'ao wa taa juu ya plastiki unaweza kuwa kero kuliko ukurasa wenyewe. Keti ambapo taa haikuangazii kutoka mbele.

Kujua kama rangi inasaidia kweli, usimuulize mtu "unaonaje?" Kila mtu hupenda kitu kipya. Wilkins alitengeneza jaribio zuri ambalo wazo lake unaweza kuliiga nyumbani: maneno 15 mafupi yanayojulikana na kila mtoto, yamechanganywa bila mpangilio, mistari 10 iliyobanana, na mtu anasoma kwa sauti dakika moja. Kwa kuwa hakuna hadithi ya kubashiri, kinachopimwa ni kuona tu. Binti wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, nilimwandikia yake: paka, huyu, moto, sisi, kule, nani, leo, na kadhalika, kila mstari maneno yale yale kwa mpangilio tofauti. Akasoma bila kitu, akasoma na plastiki, akarudia na plastiki, akamalizia bila kitu, ili uchovu na mazoea visiipendelee upande mmoja. Kisha tukafanya hivyo hivyo kwa kadi.

Kwenye samawati aliinua uso akaniambia, "Shangazi, hapa mistari imekaa." Alifurahi, nami nikafurahi naye. Lakini tulipohesabu maneno, samawati na kadi vilikuwa karibu sawa, na vyote viwili vilishinda ukurasa mtupu. Maana yake kwa huyu mtoto kinachosaidia zaidi ni kupungua kwa milia. Leo kadi ndiyo iko ndani ya daftari lake kila siku, plastiki anaitumia kwa vile vitabu vya karatasi nyeupe inayong'aa. Kama kwa mtoto wako plastiki inaishinda kadi kwa maneno mengi, na inaishinda tena ukirudia wiki ijayo, hapo una sababu ya kuinunua ile iliyotengenezwa rasmi. Tofauti ya neno moja au mawili si tofauti.

Utafiti unasemaje? Lazima nilieleze bila kulipamba, kwa sababu wazazi wanatoa fedha. Mwaka 2009 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, pamoja na chama cha madaktari wa macho cha huko, walitoa tamko kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kutumia lenzi na vichujio vya rangi kutibu matatizo ya kujifunza. Mwaka 2011 watafiti wa Uskoti waliwapima watoto 61 wenye shida ya kusoma. Mpimaji wa mfumo wa Irlen aliona asilimia 77 wana tatizo hilo na akawachagulia kila mmoja rangi yake, lakini rangi hizo hazikuwafanya wasome haraka kuliko plastiki isiyo na rangi. Mapitio makubwa ya tafiti mwaka 2016 nayo hayakuona msingi wa kuzipendekeza. Wilkins na wenzake wanaendelea kutetea kwamba wapo watu wachache wanaofaidika wazi.

Msimamo wangu: plastiki ya rangi ni kitu cha starehe ya kusoma, na starehe ya kusoma ni jambo kubwa kwa mtoto anayechukia kitabu. Itumie kwa hilo. Lakini disleksia ni shida ya ubongo kuunganisha herufi na sauti, na dawa yake ni kufundishwa kusoma kwa njia maalumu, polepole, kwa kurudia. Mtu akikuambia rangi inaponya disleksia, funga pochi.

Daraja la tatu ni lenzi za rangi ya kupimwa kwa mashine, mtu anazungushiwa rangi nyingi hadi apate ile inayomtuliza. Ni ghali, na lina mtego mmoja ambao watu hawaujui: rangi iliyokufaa kwenye plastiki juu ya ukurasa mara nyingi siyo itakayokufaa kwenye miwani, kwa sababu miwani inabadilisha rangi ya kila kitu unachokiona wakati plastiki inabadilisha ukurasa tu. Kwa hiyo usichukue kipande cha plastiki ya samawati ukampelekea fundi wa miwani akupakie lenzi rangi ile ile. Kwa mtu wa Tanga ambaye hajamaliza kujaribu kadi, plastiki na kupima macho, lenzi hizi nisingemshauri bado.

Kipandauso na taa za tyubu: waridi, kijani, bluu

Hapa ndipo rangi ina kazi yenye ushahidi mzuri zaidi, ingawa bado tafiti ni ndogo. Nyuma ya jicho, mbali na seli za kuonea, kuna seli nyingine zenye melanopsini, kemikali inayohisi mwanga, zinazopokea hasa mwanga wa bluu. Seli hizi ndizo zinazoueleza mwili kama ni mchana au usiku, na pia zinaungana na njia za maumivu kichwani. Ndiyo maana hata baadhi ya vipofu wenye kipandauso huumizwa na mwanga wasiouona.

Lenzi ya waridi inayoitwa FL-41 inachuja zaidi eneo hilo, bluu hadi bluu ya kijani. Mwaka 1991 huko Uingereza watoto 20 wenye kipandauso, wa miaka 8 hadi 14, walipewa miwani, wengine ya waridi, wengine ya bluu, kwa miezi minne. Waliovaa waridi walishuka kutoka wastani wa mashambulizi 6.2 kwa mwezi hadi 1.6. Waliovaa bluu walipata nafuu mwanzoni, haikudumu. Watoto 20 ni wachache, sitaki kulikuza jambo. Mwaka 2009 watafiti wa Utah nao walionyesha kwamba rangi hiyo hiyo inawapunguzia wenye ugonjwa wa kope kujikaza zenyewe ile kero ya mwanga.

Kijani kina hadithi yake. Mwaka 2016 Rami Burstein na wenzake wa Harvard waliwawekea watu waliokuwa katikati ya kipandauso taa za rangi mbalimbali. Bluu, nyekundu, njano na nyeupe ziliongeza maumivu, kijani kiliongeza kidogo kuliko zote, na kikiwa hafifu kiliwapunguzia baadhi maumivu. Tangu hapo miwani ya kijani imeuzwa sana. Lakini taa yao ilikuwa ya kijani kitupu, rangi nyembamba iliyotengwa. Miwani ya kijani ya dukani inapitisha kijani pamoja na mengine mengi, ni miwani ya jua yenye rangi ya kijani basi. Nikichagua kati ya hizo mbili kwa fedha yangu, nachukua waridi.

Ukiivaa mara ya kwanza, ukuta mweupe unapata wekundu wa udongo, kisha baada ya dakika chache akili inazoea. Kinachobaki ni rangi kupotoka. Kijani cha kanga kinazimika, samawati inakuwa kijivu. Kwa karani si kitu. Kwa dada anayeuza kanga na vitenge ambaye mteja anamwambia "nitafutie inayoshabihiana na hii", ni tatizo, avue anapolinganisha. Fundi cherehani hali kadhalika. Halafu, waridi wa urembo si FL-41. Miwani ya waridi ya mnadani inaweza kuwa na rangi hiyo hiyo kwa macho yetu na ikapitisha bluu yote. Ukiagiza, taja jina FL-41, uombe daraja hafifu kwa matumizi ya ndani.

Lakini kabla ya kununua lenzi, tazama juu, kwenye dari. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo tyubulaiti ya zamani yenye chuma cha balasti (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa) hupepesa mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, ubongo unapokea. Mwaka 1989 Wilkins alibadilisha taa za ofisi moja kutoka balasti hizo kwenda za kielektroniki zenye mpepeso wa kasi kubwa, na maumivu ya kichwa ya wafanyakazi yakapungua zaidi ya nusu. Hiyo ni nafuu kubwa, na inawafikia wote chumbani bila mtu kuvaa kitu. Balbu za LED nazo si zote salama, za bei ya kutupa nyingi zinapepesa. Zipime kwa kamera ya simu: ielekeze kwenye taa kwa karibu, ukiona milia myeusi inapanda na kushuka kwenye skrini, hiyo taa inapepesa. Ofisini kwetu nilipogundua hilo niliomba tyubu ya juu ya meza yangu izimwe, nikahamia dirishani penye pazia jepesi. Miwani ya waridi sasa naivaa kwenye mikutano na hospitali, mahali ambapo taa si zangu.

Juani

Kwenye jua la Tanga hoja ni nyepesi, nitapita haraka. Kijivu kinapunguza mwanga bila kuharibu rangi. Kahawia kinaongeza utofauti kidogo, wengi wenye ualbino na wenye mtoto wa jicho anayeanza wanakipenda, lakini ni suala la kujaribu. Bluu na waridi za mitindo hazina kazi maalumu juani. Weusi wa lenzi una madaraja: daraja la 3 linapitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, na ndilo la ufukweni na la baiskeli mchana. Daraja la 4 linapitisha asilimia 3 hadi 8, na halifai kuendeshea chombo. Weusi si kinga ya miale ya UV, miale ya jua isiyoonekana inayodhuru macho. Miwani myeusi isiyo na alama ya UV400, yaani kinga ya miale hiyo, inafanya mboni itanuke kisha inaruhusu miale ipite, kwa hiyo jicho linapata hasara mbili. Maduka mengi ya miwani yana kipimo kidogo cha kupima UV, omba wakupimie mbele yako.

Mvuvi, mtu wa mashamba ya chumvi, na anayeendesha mchana barabara ya lami iliyolowa, hawa wachukue polaraizi. Inakata mng'aro unaoruka juu ya maji, unaweza kuona chini ya uso wa bahari. Kuitambua, itazame skrini ya simu ukiizungusha miwani taratibu. Kwa simu nyingi, kama skrini inafifia kisha inarudi, ni polaraizi kweli.

Na kofia. Kofia yenye ukingo mpana, au turubai la kuchomoza juu ya kibanda, inazuia mwanga wa juu ambao miwani haiwezi, kwa sababu unapenyea juu ya fremu. Watu wenye ualbino wanajua hili kuliko sisi wote. Kwao kofia na miwani ni kitu kimoja kisichotenganishwa, na shule zetu ziwaruhusu kofia darasani bila mjadala, na wakae mbali na dirisha linalotazama jua.

Lenzi zinazobadilika zenyewe

Fotokromiki, yaani lenzi zinazokoleza zenyewe juani na kufifia ndani, ni jibu zuri kwa anayevaa miwani ya namba na hataki jozi mbili. Ila zina tabia mbili ambazo huku kwetu zina uzito. Zinakolezwa na UV, na kioo cha mbele cha gari kinazuia sehemu kubwa ya UV, kwa hiyo dereva wa daladala ataziona zimebaki karibu nyeupe mchana kweupe. Pili, joto linazifanya zisikolee sana. Zilizotangazwa kwa picha za theluji zinakuwa nyeusi zaidi kule kuliko zitakavyokuwa Februari kwenye joto la Tanga. Kama jua ndilo shida yako kuu, miwani ya jua ya namba ni ya uhakika zaidi. Kama unatoka na kuingia ofisini mara kwa mara, fotokromiki inakufaa.

Simu na kompyuta

Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu wa skrini imeuzwa kwa nguvu kuliko bidhaa yoyote ya aina hii. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho wa kompyuta kwa muda mfupi ikilinganishwa na lenzi za kawaida. Macho yanachoka kwa sababu tunapepesa kope mara chache tukitazama skrini, yanakauka, na tunakaza kulenga karibu kwa saa nyingi. Simu yako tayari ina kichujio bure: rangi ya joto ya usiku, na kwenye sehemu ya ufikivu kuna rangi unazoweza kuzikoleza utakavyo, iwe Android au iPhone. Jaribu kila rangi siku mbili tatu, hii ndiyo maabara ya bei rahisi kuliko zote.

Jambo moja la kujua: simu nyingi zenye skrini ya aina ya AMOLED zinapunguza mwanga kwa kuuwasha na kuuzima haraka sana, kwa hiyo ukishusha kabisa mwangaza unaweza kujiletea mpepeso unaoukimbia. Bora uache mwangaza wa kati na uweke kichujio cha rangi juu yake. Maandishi meupe kwenye nyeusi yanawapendeza wengi, lakini mwenye astigmatizimu (umbo la jicho lisilo duara sawasawa) huona herufi zina ukungu pembeni. Huyo achague maandishi meusi kwenye rangi ya maziwa au ya mchanga.

Usiku barabarani

Miwani ya njano ya usiku inapendwa na vijana wa bodaboda kwa imani kwamba inakata taa za magari yanayokuja. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliipima kwa mashine ya kuigiza udereva, na haikumsaidia dereva kumwona mtembea kwa miguu mapema. Kama kulikuwa na mwelekeo wowote, ulikuwa wa kuchelewa. Inapunguza mwanga wakati ambapo mwanga ni mchache tayari. Usiku hakuna rangi inayofaa kuendeshea, wala waridi, wala kahawia, wala njano. Safisha kioo cha helmeti kilichojaa mikwaruzo au kibadilishe, tazama ukingo wa kushoto wa barabara taa kali zinapokuja, na kama mng'aro umeanza kuwa mkali kuliko zamani, nenda kapime mtoto wa jicho.

Kwa ambaye ameshazoea miwani myeusi ndani ya nyumba

Nawaandikia hawa mwishoni kwa sababu ndio wengi, na ndio walioshauriwa vibaya. Jicho linalokaa gizani linajirekebisha kuwa nyeti zaidi, kama lifanyavyo usiku. Ukiliweka gizani mchana kutwa kwa miezi, mwanga wa kawaida wa sebuleni unakuwa mkali kwake, kwa hiyo unakoleza lenzi, kisha unakuwa mkali tena. Kuiacha ghafla kunaumiza na watu wanarudi. Punguza taratibu. Anza na chumba kimoja chenye taa isiyopepesa na pazia, vua hapo kwa muda mfupi baada ya chakula cha jioni, ongeza muda kila siku chache. Kwa kazi za mchana ndani, badilisha nyeusi kwa waridi hafifu ya FL-41 au kahawia hafifu, na ile nyeusi iache mlangoni pamoja na kofia, uichukue unapotoka. Siku ya kipandauso chenyewe jilaze kwenye giza bila kujilaumu, hiyo ni tiba ya saa chache. Ukiona wiki zinapita na huwezi kuvua hata kwenye chumba chenye mwanga wa kawaida, rudi kwa daktari wa macho umweleze hivyo hivyo: nimejaribu kupunguza, imeshindikana. Hapo atatafuta ukavu, uvimbe wa ndani, au atakupeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu.